Huruma ya Nyapara Marselino

Marselino alikuwa nyapara wa ghala la mahindi mjini Sumbawanga, mtu mpole ambaye upole wake, na tuseme tu ukweli, ulikaribiana mno na woga. Chini yake walikuwapo wanawake kumi na wawili wa kupepeta na kuchambua mahindi. Kila mmoja alikuja na ungo wake kutoka nyumbani, akautundika ukutani. Ungo ukiwa ukutani, kazi ipo. Nyapara akikurudishia, ndiyo basi.

Mwaka ule wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka waliacha kuja. Bei ikaanguka, wakulima wa Pito wakayafungia mahindi yao ndani, malori yakakoma. Tajiri mwenye ghala akataka wabaki wanne. Lucia, mmoja wa wanawake hao, aliomba wote wafanye kwa zamu, kila mtu apate siku mbili tatu, kama wanavyosaidiana kulima kijijini. Marselino hakulifikisha ombi hilo kwa tajiri. Aliogopa kusikia manung'uniko ya watu kumi na wawili kila asubuhi, na wanaoondoka hunung'unikia mbali.

Saba aliwarudishia nyungo zao. Alipofika kwa wa nane, Avelina, aliyepepeta pale miaka tisa, mkono ulimwia mzito. Akauacha ungo wake ukutani, akamwambia asiende mbali, ataitwa.

Avelina akangoja. Dada yake wa Kabwe alimwita mara mbili wakauze dagaa pamoja, akakataa, akasema ana kazi yake. Mwishowe dada akachukua mtu mwingine. Wale saba walikuwa wameshahangaika kivyao, huyu akikaanga vitumbua stendi, wengine wakishuka Ilemba kwenye mpunga, na wote walipata pa kujishikiza.

Mwaka wa pili malori yalirudi. Lakini tajiri alikwisha kuzoea watu wanne, akanunua mashine ya kuchekecha, asiongeze hata mtu mmoja. Avelina aliposikia biashara imefunguka, alidamka akaja ghalani, kilemba kichwani, tayari kwa kazi. Marselino ikambidi aseme. Akamlaumu tajiri, akailaumu mashine, akaulaumu na mpaka.

Avelina alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Baba Jastin, biashara kufa siyo kosa lako," alisema. "Wale saba uliwafukuza, wakaenda kutafuta kazi, wakapata. Mimi ulinihurumia."