Mgongo wa Fundi Sikio

Kuna watu Mungu kawapa mdomo wa mchana kutwa, lakini neno lenyewe la maana likifika, mdomo unafungwa kufuli. Mshonaji huyu alikuwa mmoja wao. Mteja aliyeleta kitambaa leo akitaka gauni jana alimpasha mpaka akaomba radhi mwenyewe. Ila jambo la moyoni hakuweza kumwambia mumewe huku wakitazamana. Alimwambia juu ya pikipiki, akiwa kakaa nyuma, kidevu kimeegemea mgongo wa mume. Hapo ndipo alipomwambia kwamba ana mimba, na ni hapo hapo alipokuja kumwambia kwamba imetoka. Mgongo ule haukuwahi kumwangusha.

Ndiyo maana Jumapili hiyo alisimama kando ya pikipiki na kikapu cha chakula, akaelekeza kidole upande wa mashamba. Mumewe alicheka, akachukua funguo. Alikuwa fundi pikipiki, na mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, kwa sababu enzi zake aliisikiliza injini mara moja tu akataja inapougulia. Kabla ya kuondoka aliiwasha, akagusisha bisibisi kwenye injini, na mpini wake akauma kwa meno, kafumba macho. Zamani mpini aliuweka sikioni. Mkewe aliyachukulia kuwa ni madoido ya uzee, kama ile tabia yake mpya ya kumkodolea macho mdomoni kila anapoongea. Yeye alidhani ni mapenzi yamerudi, na hapo ndipo ulimi ulipozidi kumganda.

Walikwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja wavunaji, na baada ya mahindi yakaja mashamba ya alizeti. Jua lilikuwa zuri, upepo mzuri, na yeye alitamani kulia.

"Mume wangu," aliuambia mgongo, "ule uvimbe wa kwenye ziwa si jipu. Nilikudanganya. Kesho ndiyo siku niliyopangiwa hospitali, wanataka kuliondoa ziwa lote."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakushtuka wala hakupunguza mwendo.

"Naogopa. Naona nikilala kwenye kile kitanda siamki tena. Sina wa kumuuliza ila wewe. Sema tu, na utakalosema nitalifuata. Niende, au niache yaishe yenyewe?"

Mashina ya alizeti yakapita.

"Niache?"

Fundi akaitikia kwa kichwa, tena mara mbili, akashusha mkono akampapasa goti.

Mwanamke alificha uso kwenye mgongo ule. Kumbe hivi ndivyo mtu anavyoachwa, kwa kupapaswa goti! Miaka yote hii kamfulia ovaroli zenye grisi, na leo amepewa ruhusa ya kufa kama anayepewa ruhusa ya kwenda sokoni. Machozi yake yalililowesha shati la mume. Alijiapiza kwamba kesho haendi kokote.

Walisimama penye kivuli, karibu na watu waliokuwa wakivuna mahindi. Fundi alichuchumaa ukingoni mwa njia kukaza mnyororo. Nyuma yake likatokea trekta lenye tela la mahindi, dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu, hadi wavunaji wakageuka. Fundi aliendelea kukaza mnyororo wake. Mkewe alimrukia, akamvuta kwa ukosi, wote wawili wakaangukia majanini. Tela lilipita likiwatimulia vumbi.

"We mzee, kiziwi nini?" alifoka dereva.

"Vipi tena, mama?" fundi aliuliza akitabasamu, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Mwanamke aliinuka, akazunguka nyuma yake. Alimwita. Akamwita tena kwa nguvu. Mgongo haukutikisika.

Alipiga magoti mbele yake. "Tangu lini?"

Fundi alimtazama mdomo, akainamisha kichwa. "Tangu mvua zilizopita. Nani atamletea pikipiki Sikio asiyesikia? Nilisema nikificha kidogo tu, labda masikio yatarudi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa walikuwa waficha maradhi wawili.

"Kule njiani uliitikia."

"Nikihisi kidevu chako kimetulia, najua umemaliza. Naitikia." Akasita. Sasa aliona macho ya mkewe yalivyovimba. "Mke wangu, niliitikia nini?"

Nguvu ya kulisema mwanamke alikuwa nayo ya mara moja tu, na aliimaliza juu ya pikipiki. Alijaribu, midomo ikatetemeka, na fundi hakuweza kuisoma. Basi akaushika mkono wa mumewe wenye grisi, akauingiza ndani ya blauzi aliyoishona mwenyewe, akaviweka vidole juu ya uvimbe. Fundi alifumba macho kama afanyavyo kwenye injini. Vidole vilikwama.

"Kesho," mwanamke alisema polepole, mdomo wazi. "Wanataka kukata. Nilikuuliza niende au niache. Ukaitikia niache."

Fundi alitoa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

"Wakate!" alipiga ukelele. "Waache walikate ziwa, mke wangu! Walikate!"

Wavunaji wote waliacha kuvuna wakageuka kutazama. Siri aliyoificha mwanamke hata kwa mama yake sasa ilijulikana shamba zima. Aliinua mkono amzibe mdomo, kisha akauacha ushuke, ili mumewe apige tena ukelele.