Nusu ya Mnyororo

Juzi mgeni aliuliza ni nani aliyekata kwa shoka ule ubao wa nakshi ulio juu ya mlango wangu hapa Kwihara. Mdogo wangu akawahi kujibu: "Mchwa." Mgeni akacheka. Mchwa wa wapi anashika shoka?

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na tembe la mfanyabiashara wa enzi za misafara. Paa lilishaanguka, ila kizingiti cha juu cha mlango kilibaki, mninga mtupu, kimechongwa mnyororo mwanzo hadi mwisho. Tulipokuwa wadogo tulihesabu pete zake kwa vidole.

Mwaka tuliomzika mama, baada ya baba, niliacha shule nikabaki na wadogo watatu. Masika hayo kuni zote zililowa. Michembe, vile viazi vitamu vikavu tunavyopika na karanga, nayo haiivi kwa moshi. Jioni ya tatu ya kulala na uji baridi nikachukua shoka, nikakata kizingiti katikati, nikatia nusu jikoni. Ikawaka vizuri mno. Karanga zikanukia hadi nje.

Harufu ile ndiyo iliyomleta mama jirani, aliyeolewa kijijini kwetu baada ya kukimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliutazama moto.

"Unapika nini?"

"Michembe."

"Kwetu askari walipika maharage," alisema. "Kwa moto wa ngoma ya ukoo na viti vya wazee. Wala hawakutuchukia. Walikuwa na njaa tu, na kuni zilikuwa mbichi."

"Na mimi wadogo zangu wana njaa, mama."

"Najua. Lakini wewe huna vita. Una jirani."

Akaondoka. Akarudi na mzigo wa kuni kavu, akautua mlangoni, akaichukua nusu iliyobaki na kunikabidhi mikononi. Ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu." Masika yote hayo sikukosa kuni zake.

Mama jirani tumeshamzika. Kuta za tembe ziliyeyuka kwa mvua, mbao za mlango zikaondoka na lori la mnunuzi, na uwanja wake sasa ni shamba la karanga. Watoto wa wadogo zangu huhesabu pete kumi na moja juu ya mlango wangu, kisha huuliza nyingine ziko wapi.

Nilimwambia mgeni ukweli: nilikata mimi, na tulikula tukashiba.