Mashine ya Karata na Jus ya Cibalonza

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa miguu. Nyumba yetu iko Kadutu, juu kabisa, ambako gari halifiki, na kila jioni nilipanda kilima kile bila kusimama, nikiwapita vijana wanaohema. Jina langu ni Murhula. Nilikuwa logisticien, mtu wa ghala na usafirishaji, wa shirika moja dogo hapa Bukavu, na mke wangu Furaha ni mwalimu. Sukari sikuwa nayo, presha sikuwa nayo, sigara sivuti.

Nilikuwa na tatizo moja tu: siamini watu. Ninyi wa Bukavu msinicheke, mnajua tunavyoishi. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho yako. Anayekumiminia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hata kama ni shangazi yako, anaonja kwanza. Ukienda msalani ukaacha glasi mezani, ukirudi unaimwaga. Tumezika watu wengi tukisema ni karuho, ile sumu ya polepole, mpaka siku hizi mtu akikohoa tu tunauliza alikula kwa nani. Mama yangu alinilea hivyo, na mimi nikazidisha.

Kazi ilinipeleka nje mara nyingi, Kigali, Nairobi, Kampala, kwenye mafunzo. Huko ndiko nilikoijua mashine ya poka. Kasino nyingi zimejaa mashine za kuzungusha matunda. Hizo sikuziamini hata siku moja: unabonyeza, zinazunguka, zinakuambia umeliwa, na nani ameona? Lakini ya poka inakuonyesha karata tano kwenye kioo, unachagua mwenyewe za kushika na za kutupa. Nikasema, hatimaye nimepata mchezo wa mtu mwenye macho.

Shida ni kuipata. Nikifika mji mgeni, kabla ya kufungua valizi, nilikuwa naulizia kasino. Mlinzi ananihakikishia kwamba mashine ya poka ipo, naingia, nakuta matunda tupu. Pengine iko moja tu, imesukumwa karibu na choo, kioo kimefifia. Hata hapo sikukaa kabla ya kusoma ubao wa malipo, kwa sababu mashine mbili zinafanana kama mapacha, moja inalipa vizuri, nyingine wameipunguza kimyakimya. Wanafikiri sisi hatusomi.

Watu huniuliza nilikula au nililiwa. Hiyo si habari ya leo. Habari ya leo ni mguu wangu wa kushoto.

Katika safari yangu ya mwisho Kampala, nilikuta mashine nzuri kwenye kasino iliyokuwa chini ya hoteli yetu. Mafunzo yakiisha mchana, nilishuka moja kwa moja na kukaa. Wasichana walipita na glasi za juisi, wakasema ni bure. Bure! Nani anakupa kitu bure mahali ambapo wanataka mfuko wako? Sikugusa. Walileta maji ya chupa, nikaona kizibo kimelegea. Sikugusa. Nyuma yangu alisimama mwanamume mwenye kofia, akisubiri niinuke anyang'anye kiti. Sikuinuka. Asiyekunywa hakojoi, na asiyekojoa hapotezi mashine. Nilijisifu kwa akili hiyo.

Nilikuwa nimesafiri na Cibalonza, mwanamke aliyekuwa msaidizi wangu kazini. Ofisini wote walisema kwamba mimi nikiondoka, yeye ndiye atakayechukua kiti changu. Jioni alinikuta pale pale.

"Papa Murhula, tangu midi uko hapa? Kunywa hata maji."

"Sina kiu," nilimjibu, na midomo imekauka.

Nikajiuliza: kwa nini huyu anataka sana ninywe?

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku ya mafunzo. Siku ya kurudi tulikaa kwenye basi tangu alfajiri. Njiani koo lilikuwa linaniwaka. Cibalonza akatoa chupa ya jus ya marakuja, tayari imefunguliwa, akaninyooshea. Kiu ilinishinda, nikanywa. Mara moja tu katika maisha yangu nilivunja sheria ya mama yangu. Tulipovuka mpaka kwa miguu kwenye daraja la Ruzizi, nyuma ya goti la kushoto kulikuwa na maumivu, kama kamba inayokazwa.

Nyumbani mguu ulianza kuvimba. Ulikuwa wa moto, ngozi inang'aa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Kiatu kilikataa kuingia. Mimi niliyewapita vijana, nilipanda ngazi ya mlangoni kwangu kwa makalio. Nilimwita Furaha nikamwambia: "Cibalonza alinipa jus ya kufunguliwa."

Furaha alijishika kichwa. "Eh Mungu wangu! Na weye vile unajua batu, ulikunywa juu ya nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia. Anataka kiti changu. Furaha alilia, kisha akatoka nje na kusema. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika sokoni Kadutu na imeshuka mpaka Cimpunda, anakokaa Cibalonza. Ninyi mnajua neno la sumu likimwangukia mwanamke kwetu. Watu waliacha kula kwake. Vijana walianza kupita mbele ya mlango wake wakitaja petroli na kiberiti.

Mimi ndugu walinipeleka Nyangezi, nje ya mji, kwa mganga anayetapisha sumu. Alinipa bakuli la kitu cheusi. Nilimwomba aonje kwanza, akasema dawa haionjwi na mzima. Na mimi, niliyekataa maji ya kasino, nikamaliza bakuli la mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Nilitapika mpaka nyongo. Akanionyesha kipande cha nyama kwenye beseni: "Ona, njo hii walikulisha." Nilikitazama nikaona kimekatwa kwa kisu. Nikaitikia kwa kichwa, maana nilitaka sana kiwe ndicho.

Kesho yake nilichomwa ubavuni kama kwa kisu. Kila pumzi ilikuwa kazi. Nilikohoa, nikaona damu kwenye kitambaa.

"Basi," Furaha akasema. "Tunaenda ku hopitali. Weye hautanikufia hapa mu Nyangezi."

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alishika mguu, akasikiliza mgongo, akauliza: "Papa, mbele ya kuvimba, ulikalaka murefu fasi moja? Mu kiti?"

Nikamshuku. Kiti kinamhusu nini? Nani amemtuma? Furaha alikuwa amesimama pale, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba mafunzo ya Kampala yalikuwa yanaisha jioni.

"Mu bus tu," nilijibu. "Docteur, ni sumu. Nilipewa sumu."

"Sumu haichaguake muguu moja, papa."

Lakini kwa sababu ya kikohozi cha damu alinitibu kifua kwanza, akanipima na kifua kikuu. Sikupata nafuu. Midomo ilianza kugeuka rangi. Niliogopa kufa, nasema wazi, niliogopa kama mtoto, na bado sikusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nilikuwa nakiona mlangoni.

Aliyeingia mlangoni alikuwa Cibalonza, na thermos ya uji. Niligeukia ukuta. Nilidhani amekuja kuangalia kazi yake. Furaha alimzuia kwa mikono miwili, lakini Cibalonza alipaza sauti juu ya bega lake.

"Docteur! Ule papa, kila siku ya Kampala alikuwa anakala ku mashine ya karata mu kasino. Hainuke, hakunywe, hakojoe. Nilimupelekea maji, alikatala! Munibambikie ya sumu, haina neno, lakini mumupimeko mbele!"

"Mashine gani?" Furaha aliuliza. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Daktari hakungoja nijibu. Nilipelekwa saa ile ile kwenye echo, kile kipimo cha picha ya ndani ya mwili, na nyuma ya goti wakakuta damu imeganda. Kipande kilikuwa kimesafiri mpaka kwenye pafu. Kikulacho kilikuwa nguoni mwangu kweli, ndani ya suruali.

Walinichoma sindano za tumboni za kulainisha damu, kisha vidonge vya miezi mingi. Nilipoweza kusema sentensi nzima, nilimuuliza daktari: "Na ile jus?"

Alicheka kidogo. "Kiti na kiu njo bilikuroga. Ile jus njo kitu moja ya muzuri ulikunywa mu safari yote."

Furaha hakucheka. Alishuka Cimpunda peke yake, akasimama mbele ya nyumba ya Cibalonza na kusema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba mume wake alijitia ugonjwa mwenyewe. Nilifurahi kwamba sikuwepo. Nilipoweza kutembea, nilikwenda kusema yale yale kwa mdomo wangu.

Leo ninapanda kilima tena, polepole, na vijana wananipita. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru yule daktari. Wewe unayesafiri, ukikaa, inuka. Ukiwa na kiu, kunywa. Daktari akikuuliza ulikuwa wapi, mwambie, hata kama mkeo yuko pale. Mguu mmoja ukivimba, usiende kutafuta adui kwanza. Mimi bado ninawashuku wengi, na mashine zote, na hasa yule mwenye kofia. Cibalonza amechukua kiti changu ofisini, sasa yeye ndiye anayesafiri. Akichukue. Viti nimeviogopa.

Juzi alitutembelea. Nilikuwa nimetoka kupanda, nahema, naye akanimiminia maji kutoka kwenye bidoni yetu. Sikuona akimimina, nilikuwa navua viatu. Kama desturi yetu, akainua glasi kinywani mwake aonje kwanza.

"Acha," nikamwambia. "Usionje. Leta."

Nikanywa yote.