Nilimlaza mjukuu wangu na redio ya chaaa, kwa sababu nilificha kwamba sisikii

Wakuu, hamjambo. Nianze na neno lenyewe nisije nikalizunguka, maana haya ni ya kweli na yanatoka nyumbani kwangu.

Mke wa mwanangu aliniuliza, "Baba, masikio yako yako sawa?"

Nikamjibu, "Yako sawa kabisa."

Hapo ndipo ningekataa ile kazi ya kukaa na mjukuu, au niseme ukweli. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Mimi nina miaka sabini na kitu. Niliishia kidato cha nne, kisha nikaendesha posho mill, mashine ya kusaga mahindi, kule Pap Onditi zaidi ya miaka thelathini. Aliyewahi kusimama ndani ya kile kibanda anajua kelele yake. Hatukuziba masikio. Jioni ukirudi nyumbani unaona watu wanasogeza midomo tu. Mke wangu, sasa ni marehemu, alikuwa anagonga meza akitaka nimwangalie.

Yeye ndiye pekee aliyejua; wengine nilikuwa nawasoma midomo.

Mwaka jana yaya wa mwanangu Ouko aliolewa ghafla akaenda zake. Ouko na mkewe wanaishi Nyamasaria na wote wanafanya kazi mjini. Wakaniomba nikae na binti yao Atieno mchana, mpaka wapate yaya mwingine. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, na amepewa jina la mke wangu. Mnaweza kujua nilivyofurahi.

Sasa, malori ya barabara ya Nairobi yalikuwa hayamwachi mtoto alale mchana. Mama Atieno akawa anamwekea kitu vijana wanaita white noise. Ni sauti ya chaaa mfululizo, kama mvua juu ya bati, inatoka kwa simu ya zamani.

Lakini alikuwa na wasiwasi nayo. Alisoma mahali kwamba ikizidi inaweza kuumiza masikio ya mtoto. Akanielekeza vizuri: "Baba, iwe chini, iwe mbali na kitanda, na akishalala uzime."

Ndipo akaniuliza hilo swali la masikio.

Kwetu Wajaluo, mke wa mwanao anakuheshimu na wewe unajiheshimu mbele yake. Hamtaniani. Kumwambia kwamba mimi ni nusu kiziwi niliona ni kama kuvua shati mbele yake.

Siku ya kwanza nikawasha ile simu. Nikaweka sikio karibu. Kimya. Nikasema hii imeharibika.

Nikachukua redio yangu ya betri, nikaiweka katikati ya stesheni mbili, pale inapokoroma. Nikaiweka kwa stuli kando ya kichwa cha mtoto. Nikapandisha sauti mpaka mimi nikaisikia vizuri.

Atieno akalala. Mimi nikajiona fundi.

Kosa langu mnaliona. Nilimpimia mtoto sauti kwa masikio ya posho mill.

Kila jioni Mama Atieno alikuta redio pale, akaipunguza, akaipandisha juu ya kabati. Nilidhani anapanga nyumba tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimwambia Ouko, "Ongea na baba yako," naye Ouko akamwambia, "Ongea naye wewe, anakupenda." Kila mmoja aliona aibu. Nami kila asubuhi niliirudisha redio kwa stuli. Tulienda hivyo wiki tatu.

Siku yenyewe nilimlaza saa saba. Redio ikaendelea kukoroma, hiyo ya kuzima akishalala nilikuwa nimeshaiacha zamani. Nikakaa barazani nakoboa njugu. Mlango niliacha wazi, eti akiamka nitamsikia.

Saa tisa na kitu nikamwona Mama Zuhura, jirani anayeuza viazi karai hapo langoni, anaingia mbio, mikono imejaa unga.

"Mzee, wewe unakoboa njugu na mtoto anaumia?"

"Mtoto amelala."

"Amelala wapi? Tangu saa nane analia. Mimi nikajiambia babu yupo, babu yupo. Hiyo redio yako inahubiri nini?"

Aliingia kabla yangu.

Atieno alikuwa amepitisha mkono katikati ya mbao za kitanda, ukakwama hapo kwa kiwiko. Alijipinda akitaka kuutoa mpaka mkono ukavimba. Uso wote ni machozi na makamasi.

Mama Zuhura akazima redio. Nikamtazama mtoto. Mdomo uko wazi, unaenda, kama wale watu wa jioni nikitoka kwa mashine. Hata redio ikiwa imezimwa, mimi sikumsikia.

Hospitalini walisema mkono haujavunjika. Walipoambiwa habari ya redio wakasema masikio yapimwe pia. Yalipimwa, yako sawa, Mungu amesaidia. Daktari hakutaka kuahidi ingekuwaje tungeendelea miezi.

Hapo mbele ya daktari ndipo nikasema. Ouko akaniuliza, "Tangu lini, Baba?"

"Tangu hujaanza shule."

Mama Atieno hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuwa amembeba mtoto, akasema kwa kunitazama ili nimsome mdomo, "Nilikuuliza, Baba."

Siku hizi navaa kifaa cha kusikia. Siku nilipokivaa niliwasha ile redio yangu kwa sauti ile ile, nikaizima haraka. Sikuamini mtoto alikuwa analazwa hapo.

Nyinyi wazazi mnaotumia hizo sauti, sikuja kuwaambia ni mbaya. Fuateni maagizo ya chini, mbali, na kuzima. Na mkimwachia mzee mtoto, msimuulize tu kama anasikia. Simameni nyuma yake mmwite jina. Kama kuna mwenzangu amewahi kuficha kitu kama hiki, andika hapa chini, na mwenye kutaka kunilaumu aseme pia, nitasoma yote.

Atieno sasa analelewa na mama mzazi wa Mama Atieno, kule Otonglo. Naenda kumwona Jumapili. Wananipokea vizuri, wananipa chai, wananipa mtoto nimbebe. Lakini lazima mtu mwingine awe chumbani. Jina la mke wangu limerudi kwetu kwa mtoto huyu, na mimi siachwi nalo peke yangu.