Niliweka Pazia Mahali pa Mlango

Kosa ni langu, ndugu zangu. Nalisema haraka kabla moyo haujanitafutia pa kukimbilia.

Vita ilipowashusha watu kutoka milima ya Minembwe wakatawanyika, nilikuwa hapa mjini Baraka, mashariki ya Kongo, najifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Sikusoma sana shuleni, lakini lugha ile ilinikubali. Ah, nilivimba kichwa! Nikatengeneza ukurasa wa simu: familia inaandika jina la mtu wao na mahali anapolala, ili waliopotezana wapatane. Jina wanaliona wote. Mahali panafichwa mpaka uandike neno la siri la familia hiyo.

Yaya Wilondja, niliyemwita hivyo kama mkubwa wangu, ndiye aliyekuwa akinifundisha; akaguna.

"Umeficha, haujafunga. Unatuma kila kitu ku simu ya mutu, kisha unamuambia asiangalie! Mahali pabaki ku seva, ile mashine ya mbali yenye kutunza, neno la siri liulizwe kule kule."

"Yaya, we unaogopa mpaka kuku!"

Kwetu pazia la mlangoni linatosha; mgeni anapiga hodi, anangoja. Nilidhani na simu ni hivyo.

Mama Etabo akaniamini. Mwanawe Etabo alikuwa ametoroka kundi la wenye silaha, anajificha kwa shangazi yake upande wa Lusenda. Mama aliandika ili mumewe, waliyepotezana naye njiani, amkute kijana. Neno la siri likawa jina la mbuzi wao.

Haikupita wiki, wenye silaha wakafika kwa shangazi moja kwa moja. Etabo akaruka dirishani. Tangu hapo, kimya.

Niseme haki: sijui kama walisoma kwangu. Pengine jirani alisema. Lakini nilichungua ukurasa wangu kwa njia aliyonionyesha Yaya, bila neno la siri, na nyumba ya shangazi ilikuwa pale, wazi! Ole wangu!

Niliufuta. Nikamwambia Mama Etabo yote. Heri angenitukana!

"Sasa mwanangu," akasema, "andika kama mama yake iko Baraka. Pengine ataona."

"Nimeufuta, mama."

"Basi atanionea wapi?"



Wewe unayejifunza, usiulize tu programu yako inafanya nini. Uliza inampa nani nini. Pazia ni la mwenye heshima. Yule mwingine hapigi hodi.

Na mimi? Kila hodi nainuka mbio, nikidhani ni Etabo.