Boti Bila Nahodha na Mkono wa Mkwe

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka damu hunichemka, na jana, mwanangu Momanyi, umeiamsha tena. Ulinipigia simu kwa furaha ukaniambia unawapeleka wakwe zako ziwani, na kwamba umeamua kukodi boti ya starehe bila nahodha wala wahudumu, "ili tuwe sisi kwa sisi, anko." Nilinyamaza. Ukadhani mtandao umepotea. Mtandao ulikuwepo, nilikuwa natafuta maneno ambayo mjomba anaweza kumwambia mtoto wa dada yake bila kwenda kuyatubu Jumapili.

Sasa nimeyapata. Keti.

Wewe ulikuwa mtoto wa kunyonya. Baba yako, Mokaya, alikuwa ndiyo kwanza amefungua duka la magodoro Kebirigo, akataka kumheshimu mama yangu, yaani bibi yako, kwa matembezi ya boti ziwani, ambayo hakuna mkwe mwingine kijijini aliyewahi kuyatoa. Sisi wa Manga, siku ya anga safi, ziwa tunaliona kutoka kilimani likimeta kule mbali kama bati jipya. Kwa hiyo tunaamini tunalijua.

Mwenye boti, mama mmoja wa huko ziwani, alituuliza kama tunaitaka pamoja na watu wake wawili au tutajiendesha. Baba yako alijibu kabla sijafungua mdomo. "Tutajiendesha, mama. Kuna mazungumzo ya familia. Hatutaki masikio ya watu."

Rafiki yake aliwahi kumfundisha kuendesha boti, na baba yako akanifundisha mimi palepale gatini, kwa muda wa kumaliza soda, ili yeye abaki huru kumkirimu mkwewe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na mtu mwenye digrii huaminiwa kwa usukani wowote. Mama yako akabaki ufukweni na wewe mgongoni. Tukaondoka watatu.

Tulikuwa tumeshaliacha gati mbali ndipo tukakumbuka majaketi ya kuokolea. Yalikuwa na mkanda unaopita katikati ya mapaja, na mama hakujua kuufunga. Nani amfunge? Unaijua chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya: mkwe hamgusi mama mkwe, na mwana aliyekwisha tahiriwa hapeleki mikono huko kwa mama yake. Tulimwangalia. Akatuangalia. "Linanibana, wanangu," akasema, na jaketi lenyewe bado liko mikononi mwake. Akaliweka kando.

Na yale mazungumzo ya siri? Yalihusu ng'ombe mwenye kwato mbaya. Wilaya nzima ingeweza kuyasikia bila madhara.

Mama aliinuka kutazama ndege weupe. Boti ya wavuvi ikapita kwa kasi, mawimbi yake yakatupiga ubavuni, nami kwa hofu nikakata kona vibaya. Mama akateleza. Akapita chini ya kamba ya pembeni, akabaki ameng'ang'ania chuma, maji yakimfika kiunoni.

Baba yako alikuwa karibu naye kabisa. Angenyoosha mkono tu. Badala yake akavua koti haraka, akamnyooshea mkono wa koti. "Shika hapa, mama! Shika!" Na kwa kuwa gauni la mama lilikuwa limepanda, akageuza uso. Anamwokoa mtu huku anaangalia upande wa Uganda!

"Mshike mkono, wewe mjinga!" nilipiga kelele.

"Ni mama mkwe!" akanijibu, kana kwamba mimi nilikuwa simjui ni nani.

Niliacha usukani. Boti ikaanza kujizungusha yenyewe, injini ikinguruma, nami nikamshika mama kwapani nikamvuta hadi tukaangukiana sakafuni. Nikarudi kuizima injini. Kisha mama akakamua leso yake, akamtazama mkwewe, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya.

"Baba Momanyi, ningekufa leo, ungebeba jeneza langu?"

"Ningebeba, mama. Mbele kabisa."

"Kumbe mkono unao."

Baba yako alilia. Ni mtu mwema, na sitaki umdharau. Lakini hasira yangu haijaisha hadi leo, na siombi iishe.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kodi boti pamoja na watu wake. Nahodha ashike usukani asiuache, na mhudumu awe na mikono mitupu. Yule mhudumu si mkwe wa mtu yeyote pale ndani. Anaweza kumfunga mama mkwe wako mkanda, na mtu akiteleza atamshika popote panaposhikika, jioni kila mtu aende kwake bila aibu. Hizo siri zenu zungumzeni sebuleni. Na hata akiwepo nahodha, waambie wakwe zako kabla hamjapanda kwamba majini chinsoni inasubiri ufukweni. Wakikataa, wapeleke hotelini wakale samaki.

Mungu akupe safari tulivu. Awarudishe wazee wa watu wakiwa wakavu na wenye njaa. Akuzeeshe mikononi mwa wanao na wenzi wao, na pale mtu wako atakapoanza kuzama, asikukute umegeuza uso.