Marehemu Anayeitwa Kazini Kila Jumamosi

Saa moja asubuhi, nje kidogo ya Kipese, Kamate Lusenge anashusha jembe kwenye mtaro ulioziba matope. Ana miaka 58. Kipande chake cha barabara ni mita arobaini, na halipwi chochote. Hii ni salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, na asiyefika hulala mahabusu.

Karatasi ya wito imo mfukoni. Jina lililoandikwa si lake. Ni la Syauswa, babu yake, aliyefariki mwaka 1961.

“Miaka yote hii banaita mufu,” anasema, akicheka kwa hasira. “Na miye njo niko naitika.”

Mita hizo alipimiwa Syauswa enzi za Wabelgiji, kwa viboko, ili kahawa ya masetla ishuke mjini bila kukwama. Wabelgiji wakaenda zao. Daftari lao la kazi likabaki. Kila utawala uliofuata ulilifungua, ukaona kazi ya bure inaendelea, ukanyamaza. Kipande kikamwangukia baba, kisha Kamate. Urithi gani huo, wa kuzibua mitaro!

Mwezi uliopita akatokea tajiri mmoja wa mjini na hati ya kilima kizima, anataka kufuga ng’ombe. Shamba la Kamate la viazi na kabichi, lisilofika hata hekta moja, limo ndani ya hati hiyo. Linalisha watu tisa. Jumatatu anapaswa kufika mahakamani Butembo na ushahidi, la sivyo ahame.

Alikimbilia ofisi ileile inayomwita kazini. Ngalula, karani aliyeletwa kutoka Kasai, akapekua daftari la ardhi mara mbili.

“Papa Kamate, jina ya famille yenu haiko humu.”

“Mais kwa kitabu ya salongo tuko?”

“Kule muko. Page ya pili.”

“Donc kwa kazi munatujua, kwa udongo hamutujue?”

Karani akalifunga daftari. Kamate hamlaumu, maana naye ana miezi mitano bila mshahara. Kinachomchoma ni madaftari yenyewe. Hakuna hata moja lililoanzishwa kwa ajili ya mtu kama yeye, na miaka zaidi ya sitini ya uhuru haikumtuma mtu kununua jipya.

Aliyegutuka ni mkewe, Jokébed. Karatasi ya wito hugongwa mhuri kazi ikiisha, na asiyekuwa nayo hukamatwa hata sokoni, kwa hiyo ukoo huu haujawahi kutupa hata moja. Zilizonusurika mvua na vita zimejaa kopo la maziwa ya unga, 312, ya zamani kabisa ni ya mwaka 1954. Jokébed alizimwaga mkekani, akasoma mstari wa chini. Zote zinasema vilevile: Syauswa, mita arobaini, mbele ya shamba lake.

“Shamba lake!” alisema Jokébed, akigonga karatasi kwa kidole. “Baliandika bo benyewe. Na mihuri baliweka.”

Mtaroni, Kamate anapangusa jembe kwa majani. Leo amekuja kwa sababu moja tu, kupata mhuri wa 313. Jumatatu kopo linateremka Butembo.

“Nikishinda, baandike jina yangu kwa kitabu ya udongo,” anasema. “Na babu bamuache apumuzike.”